Saa nne asubuhi, na mtoto yuko dukani

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

Mvua ya usiku ilikuwa imekatika alfajiri. Saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, mvulana wa miaka 11 alisimama mbele ya duka la mtaa huko Kiembeni akiwa na noti ya shilingi mia mbili, akaomba unga wa ngano na hamira. Muuza duka alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye malapa.

"Wewe leo hukwenda shule?"

Mvulana alifungua kinywa. Neno la kwanza lilikwama, kama yanavyokwama maneno yake kila anapoulizwa ghafla. Akakamata unga na hamira, akasahau chenji, akatimua mbio.

Nyumbani kwao kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtoto anaijua: hakuna kutoka peke yako nje ya geti kabla ya saa tisa alasiri, wakati watoto wa majirani wanapoanza kurudi na mikoba yao. Asubuhi ile mama alisahau. Somo lilikuwa la uwiano, mandazi ndiyo yaliyokuwa mfano, na unga ulikuwa umekwisha.

Mvulana huyo hakutoroka shule, wala hakufukuzwa kwa ajili ya karo. Anasomea nyumbani pamoja na dada yake wa miaka 15 na mdogo wao wa kike wa miaka minane. Mwalimu wao ni mama yao. Mhariri aliponiagiza niandike kuhusu wazazi wa Kenya wanaofundisha watoto wao wenyewe, sikuwa na haja ya kutafuta mbali, na msomaji ana haki ya kujua hilo mapema: mama huyo ni dada yangu. Nilikaa kwake kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Majina nimeyaacha kwa sababu itakayoonekana mbele. Watoto nitawataja kwa nafasi zao: kifungua mimba, wa kati na kitinda mimba.

Hesabu za paa

Alipotulia, wa kati alikwenda uani kusoma kipimamvua chake. Amekitengeneza kwa chupa ya plastiki: ameikata shingo, akaigeuza shingo hiyo juu chini iwe faneli, akajaza saruji kidogo kwenye kitako ili chini pawe sawasawa, kisha akabandika rula ubavuni. Maji yalisimama kwenye milimita 15.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mimi jambo hilo nililijua nikiwa mtu mzima. Yeye alielekezwa na dada yake kwa kalamu: mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, zidisha kwa sehemu moja ya kumi ya sentimita, unapata sentimita za ujazo 1,000, nazo ndizo lita. Paa la nyumba lina urefu wa mita nane na upana wa mita sita.

"Lita mia saba na ishirini," alisema, bila kukwama hata kidogo.

Kitinda mimba alipewa kazi ya kugawanya. Kiembeni, kama sehemu nyingi za Mombasa, maji ya bomba huja yanapotaka, na watu hununua kwa mitungi ya lita 20 inayosukumwa kwa mkokoteni. Alihesabu ishirini ishirini, akijaza karatasi nzima kwa vijistari, hadi akafika mitungi 36. Kwa shilingi 30 kila mtungi, mvua ya usiku mmoja ilikuwa imeteremsha maji ya shilingi 1,080 juu ya bati lao.

Hapo ndipo kifungua mimba alipowaharibia sherehe. Tangi lao ni la duara, kipenyo chake sentimita 180, na yeye alikuwa ameweka alama ya chaki ubavuni jana yake. Maji yalikuwa yamepanda sentimita 21 tu. Akapiga hesabu ya eneo la duara, akazidisha, akapata takriban lita 534. Lita 186 zilikuwa zimekwenda wapi?

Walizitafuta. Walipanda ngazi, wakamwaga maji ya kopo juu ya paa, wakafuata mfereji kwa macho hadi kwenye kiungo kilichoachana. Somo lililoanza na unga wa mandazi liliishia juu ya ukuta, wa kati akifunga kiungo hicho kwa mpira wa zamani wa baiskeli huku mama yake ameshikilia ngazi. Sikujua tena kama lilikuwa somo la hisabati, sayansi, jiografia au kazi za mikono. Mandazi yalipikwa saa nane, na yalikuwa mazuri.

Ilivyoanza

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha corona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliitwa tena Oktoba 12. Wengine walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Kwa muda wote huo serikali iliwaambia wazazi wa Kenya wawe walimu, na masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni.

Dada yangu alikuwa mhasibu katika hoteli moja ya ufuoni. Hoteli ilifunga, kazi ikaisha, akaketi na watoto mezani. Yeye mwenyewe husema kuwa miezi miwili ya kwanza alikuwa akiwasimamia tu kunakili vitabu. Alianza kufundisha siku alipogundua kwamba kifungua mimba, aliyekuwa Gredi ya Nne na mwenye alama nzuri, alikuwa hajui kwa nini tunaazima moja tunapotoa.

Shule zilipofunguliwa watoto walirudi kama wengine. Wa kati alianza Gredi ya Kwanza Julai 2021. Ana kigugumizi. Darasani aliamriwa asimame hadi amalize sentensi, na wenzake wakawa wanamalizia kwa niaba yake, kwa kuiga. Sitaki kumwita mwalimu yule katili. Mbele yake walikuwapo watoto zaidi ya 60, na hakuna aliyemfundisha la kufanya na ulimi unaokataa. Lakini kufikia Septemba mtoto alikuwa haongei hata nyumbani, na alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Dada yangu alimtoa. Baada ya muhula mmoja akamtoa na kifungua mimba, na kitinda mimba hakupelekwa kabisa.

Nyanya na kitabu cheusi

Jumanne ni siku ya Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili ni mama yetu. Aliteremka kwenye tuktuk saa mbili kasorobo, kitabu cha jalada gumu jeusi kwapani.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekunywa chai?"

Mama alifundisha shule za msingi za serikali Kwale na Kilifi kwa miaka 34, na ukimwona akifundisha ngeli utaelewa kuwa kustaafu kwake ni kwa karatasi tu. Hakutaja jina la ngeli hata moja. Alifungua kikapu, akatoa jembe, kikombe, ufagio, limau, mkeka na ukuti, akawaambia wavipange kwa udugu. Kitinda mimba aliposema "kikombe yangu", Mama hakumsahihisha. Aliinua kikombe, akauliza, "Hiki ni cha nani?" Mtoto akajibu, "Changu," akajishika mdomo.

Kisha akawatoa nje hadi kwenye ua wa makuti uliolalia upande mmoja, mbele yake mti wa asumini. Ua umeanguka. Ua limeanguka. Wakae hapo, alisema, wasirudi ndani hadi wampe sentensi kumi ambazo mtu akizisikia gizani atajua ni ua lipi. Wa kati alitoa saba. Kila alipokwama, Mama alingoja. Hakutazama saa, hakumtia neno mdomoni. Nimekaa katika madarasa mengi kwa kazi hii, na sijaona kimya kinachofundisha kama kile.

Watu wanaoifahamu familia yetu hudhani Mama anaunga mkono haya. Anayapinga, na amekuwa akiyapinga tangu siku ya kwanza. Baada ya somo, tukiwa na chai barazani, alinieleza sababu yake, nami sina jibu kamili la kumpa hadi leo.

Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo za shule za msingi, zaidi ya watoto milioni moja waliingia madarasani nchini kote. Mama, akiwa Kilifi, alipata wanafunzi ambao madawati hayakuwatosha. Nusu walikaa chini ya mwembe. Miongoni mwao alikuwako msichana mwepesi wa kushika mambo, ambaye mwaka uliofuata aliacha kuja. Baba yake alipeleka salamu kwamba binti anasomea nyumbani kwa shangazi. Mama alikwenda na chifu. Walimkuta jikoni, ameshaposwa.

"Kilichonipa ujasiri wa kubisha hodi katika boma la mtu ni sheria," alisema. "Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema mtoto lazima asome, basi. Ningekuwa na sheria inayosema 'au nyumbani', yule baba angenifungia mlango, na chifu angerudi zake. Dada yako ni mwalimu mzuri. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya dada yako."

> "Dada yako ni mwalimu mzuri. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya dada yako."

Mlango ambao haujafunguliwa

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaigeuza haki hiyo kuwa wajibu wa mzazi: kifungu cha 30 kinamtaka ahakikishe mtoto anahudhuria shule kila mara, na asiyefanya hivyo anatenda kosa. Hii ndiyo sababu ya kanuni ya saa tisa, na ndiyo sababu gazeti hili halitaji majina.

Wazazi wanaofundisha nyumbani wana hoja zao, nazo si nyepesi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dhamiri na dini, cha 45 kinaitambua familia kuwa msingi wa jamii, na Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu atakayopewa mtoto wake. Wapo wazazi walioifikisha hoja hiyo Mahakama Kuu. Sheria haikubadilika.

Wanaofanya hivi si wa aina moja. Wengi ni familia za Kikristo zinazotumia vijitabu vya ACE, mfumo ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ambamo kila mtoto huenda kwa mwendo wake. Wapo Waislamu kama sisi. Wapo wenye watoto walemavu ambao shule iliyo karibu haina njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu wala mwalimu wa kuwaelewa. Wapo wanaohamahama kikazi, na wapo waliochoshwa tu na viboko vilivyopigwa marufuku kwa sheria ilhali vinasikika dirishani.

Lakini kifungu hichohicho cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kina maneno ambayo wachache huyasoma hadi mwisho. Kinasema mtoto ahudhurie shule au taasisi nyingine itakayoidhinishwa na Waziri. Kwa maoni yangu hapo pana mlango, na ufunguo uko mfukoni mwa Waziri. Hahitaji Bunge libadili sheria. Anahitaji kuandika masharti.

Kwa sasa mlango huo umefungwa, na mtaala mpya umeongeza kufuli. Mfumo wa umilisi unamsifu mzazi kama mshirika wa mwalimu. Hata hivyo alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu hukusanywa shuleni kwa miaka: mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita ni asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya Tisa asilimia 60. Anayesajili na kutuma alama ni shule. Wa kati angekuwa Gredi ya Sita sasa. Anaweza kupima uvujaji wa paa kwa hesabu, lakini kwenye mfumo wa wizara hayupo.

> Anaweza kupima uvujaji wa paa kwa hesabu, lakini kwenye mfumo wa wizara hayupo.

Bamvua

Jumatano tulikwenda ufuoni Bamburi. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili kabla, na dada yangu aliingoja siku hiyo kwa makusudi. Maji yalikuwa yameondoka mbali, mwamba umebaki wazi, wanawake wawili wakitafuta pweza kwa vyuma.

Wa kati alikuwa na fito kumi na saa ya baba yake. Kila baada ya dakika kumi alichomeka ufito mmoja mahali maji yalipoishia. Fito zilizidi kusogea baharini, zikaanza kukaribiana, kisha saa nne na dakika arobaini maji yakaugusa ufito wa mwisho na kuupita. Aliandika: maji yamegeuka.

Baba yake Mama alikuwa mvuvi. Alijua bila kitabu kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na hilo ni bamvua. Katikati ya hapo bahari hutulia, na hayo ni maji mafu. Dada yangu alichora jua, mwezi na dunia mchangani vikiwa katika mstari mmoja, kisha akausogeza mwezi pembeni. Kitinda mimba akauliza kama mwezi unavuta na maji ya tangi. Hakuna aliyecheka. Walilijadili swali hilo njia nzima ya kurudi, nami sina hakika lilikwisha.

Mchana mambo yalikuwa mengine. Kifungua mimba anajiandaa kwa mitihani ya kimataifa ya IGCSE, ambayo hupokea watahiniwa wa kujitegemea na ndiyo njia pekee iliyo wazi kwake. Somo lilikuwa asidi na besi. Alichemsha kabichi nyekundu, maji yake yakawa mekundu kwenye ndimu na kijani kwenye magadi, wadogo zake wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Kitabuni mbele yake palikuwa na picha ya bureti, kifaa cha kudondoshea kemikali kwa kipimo, na hajawahi kuishika. Cambridge, wanaotunga mitihani hiyo, wana karatasi ya mtihani kwa wasioweza kufanya majaribio katika maabara: unaulizwa kuhusu jaribio badala ya kulifanya.

"Mjomba," aliniambia tukiwa peke yetu, "nitafaulu kueleza kitu ambacho sijakigusa."

Kisha akanieleza lililo zito zaidi. Wenzake wa Gredi ya Nne ya 2020 ndio kundi la kwanza la mtaala mpya. Walifanya KJSEA ya kwanza mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya Kumi. Mmoja wao humtumia picha za bweni. Kifungua mimba anataka kuingia huko. Anataka mdahalo, anataka timu ya mpira wa wavu, anataka tamasha la muziki, ambalo waingiao ni shule. Ameshamwambia mama yake. Hana alama za KJSEA za kuingilia.

Katika ubishi wote huu, wa haki ya mzazi na haki ya serikali, sauti ya mtoto niliisikia mara hiyo moja, jikoni, kwa kunong'ona.

"Shule gani?"

Alhamisi familia sita, watoto kumi na wanne, walikutana Fort Jesus. Hufanya hivyo mara moja kwa mwezi. Mlangoni bawabu aliuliza swali la kawaida kabisa: "Shule gani?" Niliwaona watoto wote wakiwageukia mama zao kwa pamoja. "Ni familia tu," akajibu mmoja wao, na tikiti zikakatwa hivyo.

Ndani waligawana kazi. Wakubwa walichora ramani ya ngome iliyosanifiwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kujengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wakipima pembe za minara ili waone ni kwa nini hapakuwa na ukuta ambao mzinga haukuweza kuufikia. Kifungua mimba alikuwa kiongozi wao, akiamuru na kucheka, na nilielewa anachokikosa siku nyingine. Wadogo walitafuta vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira. Watu waliozingirwa humo walikaa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kitinda mimba alitaka kujua walikuwa wakinywa maji gani. Walimwonyesha birika la kukusanyia mvua, naye akauliza paa lake lilikuwa na mita ngapi za mraba.

Saa tano na robo wa kati alitoweka. Tulimkuta juu ya ngome, upande wa bahari, macho kwenye mwamba ulio chini. Saa tano na nusu maji yalianza kurudi, dakika hamsini nyuma ya jana, kama daftari lake lilivyokuwa limetabiri. Watoto watano wasiomfahamu vizuri walimzunguka, naye akawaeleza mwezi, jua na bamvua. Alikwama mara nne. Walimngoja.

Wanaopinga elimu ya nyumbani husema mtoto hukua bila wenzake. Ujerumani imeipiga marufuku kwa hoja hiyo, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kuingilia, katika kesi ya familia ya Konrad. Hoja hiyo naiheshimu. Watoto hawa wana madrasa kila Jumamosi na Jumapili, wana binamu, na uani hujaa watoto ikifika saa kumi. Ila kwa msichana wa miaka 15 hiyo haitoshi, na dada yangu anajua.

Ijumaa

Kuna jambo ambalo wanaoisifu elimu hii hulipitia haraka, nami silipiti. Dada yangu huamka saa kumi na nusu alfajiri kuandaa masomo ya viwango vitatu. Usiku, watoto wakilala, huandika hesabu za wafanyabiashara wadogo wa mtaani, kwa kuwa mshahara wa mumewe, anayefanya kazi ya zamu bandarini, hautoshi. Shuleni kuna kengele, kuna mwalimu wa zamu, kuna chumba cha walimu. Kwake kuna yeye. Katika karibu kila familia niliyoiona Alhamisi, aliyeacha kazi ili afundishe alikuwa mama.

Ijumaa saa tano asubuhi alimpigia kelele wa kati kwa kumwaga wino juu ya ramani ya mito ya Kenya waliyoifanyia kazi siku tatu. Mtoto akajaribu kujieleza. Tana ikamkwama kinywani. Dada yangu aliondoka, akasimama jikoni akiwa ameshika sinki kwa mikono miwili. Aliporudi aliomba radhi. Siku hiyo hawakusoma tena. Waliimba, walichora, kitinda mimba akalala juu ya mkeka, na mito ya Kenya ikabaki haina mdomo wa kuingilia baharini.

Siandiki haya kumshitaki. Ninaandika kwa kuwa mwalimu anayejificha hana pa kuomba msaada. Hawezi kumwita mkaguzi aje amwambie kifungua mimba yuko nyuma wapi. Hawezi kuiomba shule jirani imwazime maabara saa mbili kwa wiki.

Afrika Kusini ilikuwa na uchaguzi huuhuu ikaamua vingine. Sheria ya Shule ya 1996 inamruhusu mzazi kuomba kumsajili mtoto asomee nyumbani, na marekebisho yaliyotiwa saini Septemba 2024 yanamtaka ampeleke kwa mpimaji mwenye sifa mwisho wa kila awamu ya masomo. Wazazi wengi wa huko wameyalalamikia masharti hayo. Mimi nikiyasoma naona kile ambacho Mama alikuwa akikitafuta alipobisha hodi na chifu: haki ya mtu wa nje kuingia, kumwita mtoto kwa jina na kusikia anachokijua. Yule baba wa Kilifi angesajili nini? Angemwonyesha mkaguzi daftari lipi? Usajili usingemficha, ungemfichua. Anayefichwa na sheria ya sasa ni mvulana mwenye kipimamvua.

> Mwalimu anayejificha hana pa kuomba msaada.

Nilimweleza Mama hayo jioni ya Ijumaa, alipokuja kutuletea viazi karai. Hakukubali. Alisema serikali isiyoweza kukagua shule ilizonazo haitakagua sebule za watu. Nalo ni neno la kweli, kwa hiyo tulinyamaza wote wawili.

Kisha akakifungua kile kitabu cheusi. Siku zote nilidhani ni cha maandalio ya masomo. Kilikuwa daftari la mahudhurio, limechorwa kwa rula, majina matatu pembeni, Jumatatu hadi Ijumaa juu, muhula kwa muhula tangu 2021. Nyuma yake kulikuwa na kurasa za tathmini, kila mtoto na kila somo, kwa mwandiko uleule uliowahi kunisahihisha mimi. Chini ya kila muhula ametia sahihi na nambari yake ya Tume ya Huduma za Walimu.

"Wakija kuuliza siku moja," alisema, "wasiambiwe hawakusoma."

Alivaa miwani, akaita majina. Wa kati akajibu. Kifungua mimba akajibu kutoka jikoni. Kitinda mimba alikuwa bado amelala mkekani. Mama akamtazama kidogo, akaweka kalamu nyekundu kwenye kisanduku chake, akaandika kwamba yupo.